Upanga wa Shangazi Evelina

"Shangazi, kwa nini usiiulize tu simu ikutamkie?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la sita. Shangazi Evelina, fundi cherehani pale Igoma, alikuwa amefungua kamusi yangu juu ya kitambaa cha sare, anafuata kwa kidole zile alama za matamshi ambazo sisi darasani tulikuwa tunaziruka. Aliniambia nimpe chaki.

Jumapili iliyotangulia alikuwa amesoma somo la pili kwenye Misa ya Kiingereza. Alipofika kwenye upanga, "sword", akalitamka neno kama lilivyoandikwa, na w yake yote. Kwaya ikacheka. Hawakucheka sana, ila shangazi akikosea kola huifumua yote. Na somo lile hurudi baada ya miaka mitatu. Akaapa kwamba likirudi atalisoma yeye.

Hakuwa na mwalimu, kwa hiyo alizisoma alama kifundi. Vitone viwili, hapo legeza, sauti irefuke. Kistari cha juu, hapo kandamiza pasi. Ile e iliyopinduka kichwa chini, pita haraka, usibane. Na w? Aliitafuta kati ya alama, haimo.

"Kumbe ni uzi wa kushikizia," akaniambia. "Nguo ikiisha unautoa."

Fundi Shigela wa cherehani ya pili alimtania kwamba anawapima Wazungu wasioonekana. Yeye akaendelea kuchora alama kwenye vipande vya kitambaa, mpaka akawa anaweza kutamka neno ambalo hajawahi kulisikia popote. Mimi nilikuwa namtazama tu, mdomo wazi.

Mwaka wa tatu alimfuata Jonathan, kiongozi wa wasomaji, kuomba somo lilelile.

"Evelina, masomo ni mengi," Jonathan akamwambia. "Chukua lisilo na upanga."

"Nataka lenye upanga."

Siku hiyo nilikaa benchi la mbele. Shangazi alisoma bila haraka. Neno likaja, likapita, kwaya kimya. Nilitamani nisimame niwaambie watu kuwa huyo ni shangazi yangu. Baada ya Misa Jonathan akaleta orodha mpya ya wasomaji, na jina la shangazi limo mara nne.

Njiani nikamuuliza tena lile la simu.

"Simu inatamka kwa sauti," akasema. "Shigela na wenzake wote wangejua ni neno gani linanishinda. Kamusi ilikuwa inaniambia mimi peke yangu."