Sasa Naanguka

Mimi ndiye yule fundi lifti aliyemkumbatia bosi wake kiunoni mbele ya watu kazini, kwa sababu ya kitenzi.

Ngoja kwanza, cheka baadaye.

Kampuni ilituletea injinia mgeni, mama wa makamo. Kihispania chake kilikuwa maji ya kunywa, ila Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji. Wiki hiyo angechagua fundi mmoja wa kuajiriwa moja kwa moja, na mimi nilikuwa na miaka sita ya ukibarua mgongoni.

Mke wangu akaninunulia kamusi ya Kihispania.

"Baba Pacha, ukiikosa hii usitafute mchawi."

Nikafungua kwenye caer, kuanguka. Kazi yetu ni ya mashimo na ngazi, nikaona litanifaa. Kumbe ni kitenzi kikorofi. Wewe unaanguka ni caes, lakini mimi naanguka ni caigo. Hiyo g imetoka wapi, mpaka leo sijui. Nikakariri hivyo hivyo.

Jumatatu tuko ghorofa ya sita, mlango wa shimo la lifti uko wazi. Nikamwonyesha injinia swichi iliyolegea. Akaitazama, akajipiga kofi la paji la uso.

"Ahora caigo."

Ahora ni sasa. Caigo, naanguka.

Sikusubiri. Nikamrukia, nikamkumbatia kiunoni, tukabingiria hadi kwenye kopo la grisi.

Fundi mkuu, anayemtafsiria, alicheka mpaka akakaa chini.

"We bwana, hapo anasema sasa ameelewa."

Injinia akajifuta grisi shavuni, akanitazama. "Me caes bien."

Unaniangukia vizuri? Nikaomba radhi, nikaahidi sitarudia.

"Anasema anakukubali," fundi mkuu akasema. "Funga hiyo kamusi."

Nikaifunga. Nikajiwekea kanuni yangu: hiki kitenzi hakina uhusiano wowote na kuanguka.

Ijumaa, siku ya uamuzi, injinia yuko juu ya ngazi anakagua mota. Mimi nimeshika ngazi huku namweleza hitilafu. Ghafla akapaza sauti.

"Me caigo."

Moyo wangu ukajaa furaha. Ameelewa upesi hivi? Nikaachia ngazi nimpigie makofi.

"Hongera, mama."

Kumbe safari hii ni kuanguka kweli: akaja mzima mzima, akatua kifuani kwangu. Tukalala sakafuni tukitazamana, pumzi imenikata, na ajira naiona inapanda lifti bila mimi. Nikatafuta neno la Kihispania la kuomba msamaha. Lilikuja moja tu.

"Me caes bien."



Injinia akacheka, akacheka mpaka machozi, na fundi mkuu akaenda kuegemea ukuta.

Ajira nilipata. Mke wangu ameubandika mkataba ukutani, na kila mgeni anasomewa kifungu cha tisa: mwajiriwa haruhusiwi kumshikia mtu yeyote ngazi.

Ndugu zangu, neno la watu usilikariri peke yake. Ulizia na majirani zake.