Mabati ya Chekechea

Nilisoma mpaka darasa la tatu, nikatolewa nilee wadogo zangu. Shule wakati ule ilikuwa ya misheni, na mwenye neno alikuwa mmoja tu. Majina ya walimu wangu wote ninayo kichwani hadi leo. Siyaandiki, kwa sababu watoto wao ni majirani zangu. Wazazi waliponichagua kuingia katika bodi ya shule yetu, huku upande wa Shianda, nilidhani mambo bado ni yale yale.

Mwaka huo upepo uling'oa mabati ya chekechea. Mjukuu wangu ninayemlea alikuwa na miaka minne. Chekechea nyingine iko ng'ambo ya barabara ya lami, ambako trekta za miwa hupitanga zikivuta trela. Tukikosa pa kuwaweka watoto, angevuka hapo kila asubuhi.

Bodi ikaitwa. Mwalimu mkuu akaniambia, "Kukhu, nyanya yetu, mimi naangalia Gredi ya Kwanza mpaka ya Tisa. Pesa zangu zinatoka Nairobi. Chekechea ni ya kaunti, siwezi kuinunulia mabati."

"Kwani kaunti ndiyo iliwazaa hao watoto?" nikamwuliza.

Watu wakacheka, na yeye akacheka. Lakini hakuwa amekosea, ndivyo sheria ilivyogawa. Mwalimu wa chekechea, ambaye ameajiriwa na kaunti, alisema ameshapeleka habari na mabati yatakuja na bajeti mpya. Mzee wa kanisa alisema wao walitoa kiwanja zamani, siku hizi kazi yao ni maombi na ushauri. Nikauliza habari ya kile chumba kipya kilichofungwa kufuli. Mwalimu mkuu akasema ni maabara ya sekondari ya chini, na pesa zilizokijenga zilikuja na masharti yake. Kiwanja kimoja, geti moja, na kila ukuta una mkubwa wake.

Mpishi wa shule, ambaye sisi wazazi ndio tunamlipa, alikuwa anatugawia chai. Akasimama na birika mkononi.

"Na hili jiko langu ni la nani?"

Jiko tulilijenga wenyewe, miti yetu, mabati yetu. Hakuna ofisi inayolijua.

"Sasa watoto wakisomea humo, wewe utapikia wapi?" nikamwuliza.

"Nje, mama. Mvua ikinyesha, maharagwe yatapata supu ya bure."

Mwalimu mkuu akafunga kalamu yake. "Jiko halinihusu," akasema, "kwa hiyo siwezi hata kulikataa."

Jumatatu tulipaka kuta za jiko udongo, lakini masizi ya juu hayakutoka. Mjukuu wangu alisomea humo, akirudi nyumbani nguo zinanuka moshi kama za mpishi. Mabati ya kaunti yalikuja baadaye, yeye akiwa ameshaingia Gredi ya Kwanza, hatua chache tu kutoka pale jikoni. Siku hiyo nilinusa sweta yake. Ilinuka chaki.