Ng'ombe Wamekula Alama Zangu za Barabarani

Jamani, siku ya kwanza kazini na ng'ombe wameshaniharibia!

Lori la kampuni limenizimikia hapa Pito. Kawaida dereva unatandaza matawi nyuma ya gari, wanaokuja wajue kuna lori bovu. Ila huku miti ni ya kutafuta kwa tochi. Mama mmoja mwenye shamba akanipa mabua mabichi ya mahindi.

Bosi akapiga. "Umeweka alama?"
"Nimeweka bosi, tena kitaalamu!"
"Nitumie picha."

Nageuka, kundi zima la ng'ombe linamalizia mabua. Halijabaki hata jani!

Nikatuma hivyo hivyo.

Kajibu: "Nimekuajiri uendeshe lori au ulishe ng'ombe?"

Washikaji, nimjibu nini? Maana mzee mwenye ng'ombe ananishukuru sana, anauliza kesho nitaharibikiwa wapi.