Pamba Katika Shavu la Mzee

Miaka ya hamsini nilikuwa dresa, msaidizi wa daktari, katika chumba cha meno katika hospitali moja ya Nakuru, na hakuna aliyenitoa jasho kama mama mmoja kutoka Rongai. Mumewe alilazwa wodini kwa kiharusi. Upande wa kulia umepooza, maneno yamemwisha. Kama wazee wengi wa kwao, aling'olewa meno mawili ya mbele ya chini tangu ujana, ili taya likikazwa na ugonjwa pabaki njia ya chakula. Basi siku ya kwanza naitwa wodini kumkagua kinywa, namkuta mama amemlaza chali, anammiminia uji pengoni!

"Mama, utamuua! Uji utaingia mapafuni!"

"Sasa pengo lilitolewa la nini?"

Ala! Nilimketisha mzee wima, nikapitisha kidole ndani ya shavu la kulia, nikatoa ugali wa juzi. Upande ule hausikii kitu. Chakula kinalala humo, jino linaoza, mwenyewe hana habari. Nikamwambia mama apitishe kidole kila kabla na baada ya kumlisha. Kesho yake uji, mzee chali! Nilirudia maneno yale hadi koo likanikauka, na sauti yangu, nakiri, haikuwa ya adabu kwa mtu wa rika la mama yangu.

Jino moja la upande ule likaoza, ufizi ukavimba. Daktari alimpima presha, akakataa kuling'oa mpaka ishuke. Iliposhuka tulimng'oa akiwa ameketi, kichwa kimeinama mbele, damu isishuke kooni. Nikaweka pamba, nikabadilisha, nikaweka nyingine. Nje benchi limejaa watu wananung'unika, nami nikamrudisha wodini mbio mbio.

Asubuhi mama akaja mlangoni, ameshika kipande cha pamba chenye damu.

"Nimepitisha kidole kabla ya uji, vile unanipigia kelele. Hii ilikuwa nyuma kabisa, karibu na koo."

Nilitamani ardhi inimeze. Ilikuwa pamba yangu, niliyoisahau mle kwa haraka. Mzee asingeisikia, wala asingeweza kusema.

"Mama, nisamehe. Ningemuua."

Akaiweka ile pamba mkononi mwangu.

"Kijana, mimi nina huyu mmoja tu," akasema, akarudi wodini kumlisha.