Swali la Tatu

Kazi yangu hapa Sirari ni kuwapitishia watu mizigo mpakani, na imenifundisha kutoamini karatasi wala sura. Ndiyo maana ndugu waliponipa usimamizi wa kundi letu la mtandaoni, ambamo sisi wa huku na wale wa Isebania, upande wa Kenya, tulikuwa tunaandika kitabu cha ukoo kwa pamoja, nilibana mlango.

Nilikuwa na sababu. Mwanzoni mtu aliingia na picha ya marehemu mmoja, akatuandikia wajukuu ambao hawajawahi kuwepo. Kumbe alitaka shamba Kewanja. Tangu dhahabu ipandishe thamani ya mashamba ya kule, ndugu wanazaliwa na ndevu zao. Tulifuta kurasa nne, na mimi nikaapa sitachezewa tena.

Basi kila mgeni alijibu maswali matatu kwa ujumbe wa sauti, papo hapo. Mlango wenu wa ukoo ni upi? Mababu walihama kutoka kilima gani? Babu mzaa baba ni nani?

Siku ya kufunga kitabu, mchapaji wa Tarime alikuwa anakingoja saa kumi jioni. Saa tisa kasoro robo, mwanamke wa Kenyamonta akaomba kuingia. Swali la kwanza akapata. La pili akapata, akataja na kijito nisichokijua. La tatu akasita.

"Baba mwenyewe sina, sembuse babu. Mama yangu aliolewa na bibi."

Nyumba ntobhu tunaijua wote: mwanamke asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa mke amzalie watoto, ili nyumba yake isife. Lakini hata nyumba hiyo huwa na jina la mwanamume, na watoto hufundishwa kulitaja. Nikajua nimemnasa. Huyu kaisikia mila yetu nusu.

"Taja jina," nikamwambia, bila hata shikamoo.

"Siwezi kumtaja mtu ambaye hakuwepo. Mama amekufa, ndugu yangu. Nisipoandikwa humo, wanangu watasema wao ni watu wa wapi?"

"Watajua wenyewe." Nikamtoa. Nilijisikia vizuri, sifichi.

Mama yangu alikuwa kando anachambua maharage. Mikono yake ikasimama.

"Mura, mwanangu, rudisha hiyo sauti."

Nikairudisha mara mbili. Mama akaweka ungo chini.

"Ile sauti ni ya nyumba yenu. Bibi yako alioa wake wawili. Wa kwanza alimzaa baba yako. Wa pili waligombana, akaondoka na kichanga cha kike mgongoni kwenda Kenyamonta. Huyo ni shangazi yako."

"Bibi alioa? Na babu je?"

"Babu gani? Lile ni jina tu. Bibi yako alilitunga ili mke aitwe mke wa fulani. Baba yako aliona aibu kanisani, akakukuza nalo kama la mtu wa kweli."

Nilifungua ukurasa wa kwanza wa kitabu. Jina hilo lilikuwa juu kabisa, nimeliandika mimi, na chini yake baba, na chini yake mimi. Lilikuwa limepita maswali yote matatu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Saa tisa na robo nikampigia. Hakupokea. Nikapiga tena, na tena, huku mchapaji naye ananipigia kuuliza niko wapi. Shangazi alipokea saa kumi kasoro dakika tano.

"Shikamoo shangazi," nikasema. "Nimekosa. Nataka kukuandika."

"Marahaba." Kisha akaniuliza, "Na mimi nitajuaje kama wewe ni wa kwetu? Watu wa mtandaoni ni wengi. Babu yako mzaa baba ni nani?"

Mama alikuwa ananitazama.

"Hayupo, shangazi," nikasema. "Aliyeoa ni bibi."

"Haya," akasema. "Sasa andika."