Fundi Aliyeweka Milima Baharini

Zamani, kabla turubai za matangazo ya kuchapishwa hazijaufunika mji huu kama ukurutu, mwenye bucha alimwita mtu wa brashi akamchorea ng'ombe ukutani. Ng'ombe huyo alikuwa na jicho, na alikutazama ukipita. Siku hizi turubai inachapishwa Ngara kabla chai haijapoa, na inapauka kabla mvua haijarudi, na hakuna anayeona kwamba ameibiwa. Dalmas Oloo wa Riruta ni mmoja wa watu wa brashi waliobaki. Bado anasukuma baiskeli yenye makopo ya rangi, akitafuta mtu mwenye ukuta.

Mwaka huu ukuta ulitoka kwa Wangeci, mama mwenye nyumba za kupangisha nyuma ya barabara ya Naivasha. Mumewe, Njuguna, alifanya kazi bandarini Mombasa hadi kustaafu, akaishi Likoni mpaka majirani wa huko wakasahau kwamba alitoka Dagoretti. Kisha kiharusi kikamwangusha. Mkono ulipona, mguu ukapona nusu, daktari akamwambia atembee asije akakauka kama kuni. Hakutembea. Alilala kitandani, mgongo kwa dirisha. Chakula alikula, neno hakutoa, na mlango hakuuvuka.

"Nataka bahari," Wangeci alimwambia Dalmas, akionyesha ukuta wa ua uliotazamana na baraza. "Aliipenda kuliko alivyonipenda mimi. Labda akijua iko hapa, atatoka."

Binti yao Cate, aliyekuwa amekuja kutoka Loresho kumwona baba, alisikia akacheka. "Mum, si tuprinti tu picha kubwa? Kesho iko hapo, na ni bahari ya ukweli."

"Baba yako si duka, abandikiwe tangazo," mama akasema. "Fundi, anza."

Dalmas hakuanza na brashi. Aliomba kiti, akakiweka barazani pale Wangeci alipotaka mumewe aketi, akakikalia mwenyewe.

"Mama Cate, shika huu uzi ukutani. Panda. Panda tena. Umepita! Rudi. Hapo hapo, usipumue."

Mwalimu wake, marehemu Mbithi, aliyekuwa na kibanda Ngara, alimfundisha kwamba mstari wa mwisho wa maji lazima uwe sawa na jicho la anayetazama. Ukiupandisha, bahari inamwangukia mtu. Ukiushusha, anajiona kama amepanda mnazi. Alimfundisha pia kuanza na kilicho mbali na kumaliza na kilicho miguuni. Basi Dalmas akapaka anga kwanza, nzito juu, ikipungua rangi kila ilipokaribia maji, akiisugua kwa brashi pana kabla haijakauka ili pasionekane mahali buluu ilipokutana na nyeupe. Buluu ya kopo hakuiamini. "Hii ni ya milango ya choo," alisema, akaitonea kahawia kidogo ili itulie.

Bahari nyingi alizokwisha kuchora katika hoteli za samaki alizitoa kwenye kalenda. Safari hii hakuwa na kalenda. Mkono ukachora ulichokijua, na mkono wa Dalmas ulizaliwa Asembo, kando ya ziwa. Juu ya ule mstari wa maji akapaka milima, ya kijivu cha ukungu, mizuri kabisa, kama milima ya Homa inavyoonekana ng'ambo asubuhi.

Wangeci aliitazama akaridhika. Yeye Mombasa alikwenda kwa harusi moja tu, na harusi ilikuwa ukumbini. Akaingia chumbani, akafungua pazia.

"Baba Cate, geuka tu kidogo. Bahari imekuja."

Wangeci akabaki amesimama na pazia mkononi, na Dalmas, aliyekuwa akichungulia kutoka uani, akajifanya anaosha brashi. Kitanda kikalia. Mzee aligeuka, akatazama muda mrefu, mdomo ukatafuta neno kama mtu anayetafuta kiatu gizani.

"Nani," akasema, "nani ameweka milima baharini?"

Wangeci aliangusha pazia.

Mzee akadai fimbo. Akatoka akiburuta mguu, jasho linamtoka, akimsukuma kila aliyetaka kumshika, mpaka kwenye kile kiti.

"Wewe! Hii ni bahari gani?"

"Mzee, shikamoo. Ni... bahari."

"Ng'ambo ya bahari unaona mlima? Una macho ya kuona India?"

Dalmas akatazama ukuta, akaona alichofanya. Akacheka kwa aibu. "Mzee, nisamehe. Kwetu ziwa ni *nam* na bahari ni *nam*. Neno ni moja. Mkono umenipeleka nyumbani."

"Watu wa samaki mna neno moja tu!" Njuguna alisema, na upande mmoja wa uso wake ukacheka. "Futa. Na pale mbali maji ni meusi zaidi. Huku karibu ni kijani, kwa sababu chini kuna mchanga. Katikati, mstari mweupe, mawimbi yanapogonga mwamba. Usiunyooshe kama kamba ya nguo!"

Dalmas alifuta. Kisha akachovya brashi kavu kwenye nyeupe, akaipangusa kwenye gazeti mpaka ikabaki rangi haba, akaiburuta juu ya ukuta wenye mikwaruzo, povu likatokea lenyewe.

"Haya," mzee akasema polepole. "Haya, hapo unasema."

Jioni Wangeci alimsindikiza fundi hadi lango. Alijifuta macho kwa leso, akanong'ona, "Oloo, tafadhali. Usimalize haraka."

"Mama, bahari ni kubwa," Dalmas akajibu. "Hata mimi naona haitaisha."

Kesho yake alichelewa, tairi lilikuwa na pancha. Alipoingia uani Njuguna alikuwa tayari barazani. Hakuna aliyemtoa, Wangeci alikuwa bado jikoni, uji haujaiva. Mzee alimnyooshea fimbo kutoka mbali.

"Fundi gani wewe? Maji yameshakupwa, na mchanga wangu bado mkavu! Mchanga ulioachwa na maji hung'aa, unabeba anga. Leta kopo, nikuonyeshe."

Akainuka, akaenda kumwonyesha.