Pytest, skrini nyeusi na namba moja ya simu yenye akina mama watatu

Wakuu, salaam kutoka Bukoto, Kampala. Haya yamenipata mwenyewe, na sijaongeza chumvi.

Kwanza nikiri. Miaka yote nimekana kwamba ile skrini nyeusi ya kuandika amri inanitisha. Nilikuwa nasema tu haina mvuto. Digrii yangu ya fasihi ilinisaidia kulisema hilo kwa sentensi ndefu.

Niko kwenye kliniki ndogo. Naandika SMS za Kiswahili za kuwakumbusha akina mama siku za chanjo, wengi wao Wakongo.

Wanjiru, Mkenya anayetuandikia program, akaniambia, "Madam, kabla hatujaiwasha program Jumatatu, data ipimwe. Install pytest uandike test. Hawa wateja unawajua wewe."

Udadisi ukaishinda hofu.

Nikaandika pip install pytest, amri ya kukiweka hicho kifaa cha kupimia kwenye laptop. Maandishi yakatiririka kana kwamba najua ninachofanya. Kisha nikaandika test yangu: kila namba ya simu iwe na mama mmoja tu. Nikaiendesha.

"Collected 0 items." Yaani haikuona test hata moja.

Faili lipo, naliona kwa macho. Kumbe nimeliita jaribio_namba.py, na pytest hutafuta mafaili yanayoanza na test_.

Wanjiru alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Madam, umeiandikia mashine insha."

Nikagoma kubadili jina. Nikasoma maelekezo, nikatengeneza faili la mipangilio, pytest.ini, nikaweka python_files = jaribio_*.py na python_functions = jaribio_*. (Hiyo ya pili msiisahau, mimi niliisahau.)

Safari hii ikaliona. Skrini ikawa nyekundu: test imefeli.

Namba moja, akina mama watatu: Furaha, Neema na Riziki.

"Duplicates, mtu mmoja ameingizwa mara tatu," Wanjiru akasema. "Futa wawili, bakisha mmoja."

"Na kama ni watu kweli?"

"Watu watatu, line moja? Zii, madam."

Lakini watoto nao walikuwa watatu, kila mmoja na siku yake ya chanjo. Tukifuta, mama wa watoto wawili hawatakumbushwa na mtu.

Nilichojifunza: rangi nyekundu inakuambia data haifanani na ulichoandika. Haikuambii nani kakosea. Wenye uzoefu wa testing, ninyi huwa mnahakikisha vipi kabla ya kufuta? Nasoma kila jibu, hata la kunicheka.

Sisi tuliipigia ile namba, tukaweka spika.

"Allo? Furaha ameenda soko. Neema eko ananyonyesha. Miye ni Riziki. Unataka nani?"

Nikauliza simu ni ya nani.

"Line ni ya Furaha, ni yeye eko na kitambulisho. Lakini tunaitumia sisi wote. Tuma tu, mama, tutaambiana."

Wanjiru alikuwa ameshaivuta laptop upande wake. Alichofuta ni test yangu.